Soma Mbavu Kabla ya Mapafu

Mtoto wa miezi minne ameletwa na kikohozi na homa. Umeagiza picha ya kifua, imerudi, umetafuta nimonia hukuiona, na foleni nje ni ndefu. Kabla hujaifunga picha hiyo, rudisha macho kwenye uti wa mgongo ufuate kila ubavu kuanzia unapoanzia. Ukiona vinundu vidogo vya mviringo, viwili au vitatu, vimepangana wima kando ya pingili, umeona mbavu zilizovunjika ambazo sasa zinaunga. Mtoto wa miezi minne hana namna ya kujivunja mbavu hizo. Mtu mwenye nguvu kumzidi alimshika kifua kwa mikono miwili akakibana.

Mwongozo huu ni wako wewe daktari, tabibu, muuguzi na mtaalamu wa mionzi uliye katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye mashine ya eksirei, ambako bingwa wa radiolojia yuko mkoani au hayupo kabisa. Unahusu watoto wa chini ya miaka miwili. Hao hawawezi kusimulia kilichowapata, na mifupa yao hubeba ushahidi mara nyingi kuliko ya watoto wakubwa. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba watoto wanane katika kila kumi waliovunjwa mifupa kwa kutendewa ukatili walikuwa chini ya miezi 18, ilhali wengi mno wa waliovunjika kwa ajali walikuwa wamevuka miaka mitano. Mtoto anayekimbia na kupanda miembe huvunjika mkono, na hilo halishangazi. Anayebebwa mgongoni akivunjika, lazima kuwe na maelezo.

Nyingi kati ya dalili za ukatili mifupani si ngumu kuziona. Zinatupita kwa sababu picha ilipigwa kwa ajili ya jambo jingine, jicho likajibu swali lililoulizwa na kuishia hapo.

Elimu yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1946 John Caffey, daktari wa watoto wa New York aliyegeukia radiolojia, aliandika juu ya watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovilia chini ya utando wa ubongo, na ambao mifupa yao mirefu ilikuwa na mivunjiko 23 kwa jumla. Hakuna hata mmoja aliyeletwa na historia ya ajali inayoweza kuieleza mivunjiko hiyo. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wa Denver waliandika waziwazi kwamba watoto wa namna hii wanapigwa na watu wanaowalea, na kwamba daktari ana wajibu wa kulisema. Tangu hapo hakuna daktari anayeweza kusema kwamba jambo hili halijulikani.

Mbavu

Ubavu wa mtoto mchanga ni laini, hupinda sana kabla ya kuvunjika. Hivyo ukivunjika, uzito wake ni mkubwa. Mtu mzima anapomshika mtoto kifuani, vidole gumba mbele na vingine mgongoni, kisha akambana, sehemu ya nyuma ya ubavu husukumwa dhidi ya tawi la pembeni la pingili, na mfupa huvunjika karibu na shingo yake. Kwa kawaida huvunjika zaidi ya mmoja, tena zilizofuatana, na mara nyingi pande zote mbili.

Utaambiwa kwamba mtoto alizimia akafufuliwa kwa kukandamizwa kifua. Ufufuaji huvunja mbavu za watoto wachanga kwa nadra, na zikivunjika huwa za mbele au za pembeni kuelekea mbele. Mtoto aliyelazwa chali juu ya kitu kigumu mgongo wake umezuiwa, ubavu haupati nafasi ya kupinda kwa nyuma. Hata kwa njia ya vidole gumba viwili inayofundishwa siku hizi, mivunjiko iliyoripotiwa ni ya mbele na pembeni. Kikohozi nacho hakivunji mbavu za nyuma za mtoto mwenye mifupa mizima, wala bibi anayemkanda mjukuu kwa mafuta ya nazi baada ya kumwogesha. Kuzaliwa kwa shida kunaweza, mara chache sana, hasa mtoto akiwa mkubwa na mabega yakakwama, kwa hiyo uliza uzito wa kuzaliwa na jinsi uzazi ulivyokwenda. Lakini mvunjiko wa uzazi kwa mtoto wa miezi minne ulipaswa kuwa umeshaungana na kunyooka.

Ubavu uliovunjika jana au juzi mara nyingi hauonekani kabisa kwenye eksirei. Vipande havijaachana, ufa ni mwembamba, na kivuli cha moyo na cha pingili kinaufunika. Utauona baada ya siku kumi au wiki mbili, mfupa mpya wa kuunga ukishaanza kuota kuzunguka ufa. Picha safi ya leo kwa mtoto unayemshuku haikupi ruhusa ya kufunga jalada.

Soma hivi. Hesabu mbavu kumi na mbili kila upande. Anza na shingo ya ubavu, pale unapokutana na pingili, ulinganishe kulia na kushoto: je, upana ni uleule? Kuna kinundu? Fuata ukingo wa juu na wa chini hadi pembeni, kisha hadi mbele, ukitafuta mahali ambapo mstari umekatika, umevimba au umepinda ghafla. Angalia ubavu wa kwanza kwa makini zaidi, maana umefichwa na mtulinga na misuli na hauvunjiki kwa urahisi. Kama picha ni ya kidijitali, badili mwangaza uliotumiwa kwa mapafu uweke wa mifupa, na geuza nyeusi kuwa nyeupe. Kazi yote hii haizidi dakika mbili. Ifanye kwa kila picha ya kifua ya mtoto wa chini ya miaka miwili, hata aliyeletwa na mama unayemfahamu na kumheshimu.

Ncha za mifupa mirefu

Ishara ya pili yenye nguvu iko metafisi, sehemu ya mfupa mrefu inayopakana na sahani ya kukulia. Paul Kleinman, mwanaradiolojia wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1980, kwa kulinganisha picha na mifupa yenyewe chini ya hadubini, kwamba ufa hupita katika tabaka changa kabisa la mfupa, sambamba na sahani hiyo. Nguvu inayousababisha ni ya kuvuta na kusokota: mtoto amekamatwa mguu au mkono ukazungushwa, au ametikiswa huku viungo vikirushwa huku na huko. Kuanguka kitandani hakutoi nguvu ya namna hiyo.

Umbo lake hubadilika kulingana na pembe ya picha. Ukiuangalia kwa ubavu, utaona kipande kidogo cha pembetatu kimemeguka kwenye kona ya metafisi. Boriti ya mionzi ikiwa imeinama kidogo, jeraha lilelile litaonekana kama upinde mwembamba, na wataalamu huliita mpini wa ndoo. Wakati mwingine ni mstari tu wa giza unaokatiza metafisi. Tafuta kwanza ncha ya chini ya mfupa wa paja, ncha zote mbili za muundi, na ncha ya juu ya mfupa wa mkono begani. Karibu watoto wote wenye jeraha hili hawajatimiza mwaka mmoja.

Mambo mawili hulifanya lipotee. La kwanza, nje hakuna dalili: mguu haujavimba, ngozi haina alama, mtoto ananyonya. La pili, mara nyingi hupona bila kuota mfupa wa kuunga unaoonekana, na baada ya wiki chache halipo. Picha ya magoti na vifundo ipigwe siku ile shaka inapoingia, si baada ya kikao cha ukoo.

Usikimbilie hukumu kwa kila kona iliyochongoka. Metafisi ya mtoto mzima wa afya inaweza kuwa na kijipembe au kingazi kidogo, hasa kwenye goti na kiwiko, nacho kwa kawaida huwa pande zote mbili. Ndiyo maana unapiga mguu wa pili pia.

Mivunjiko mingine yenye uzito mkubwa ni ya mfupa bapa wa bega, ya kidari, na ya miiba ya pingili mgongoni. Ni nadra. Ukiikuta kwa mtoto mdogo ambaye hakugongwa na gari wala bodaboda, mchukulie kama mtoto aliyeumizwa mpaka ithibitike vingine.

Mfupa uliovunjika na maneno yanayouzunguka

Mivunjiko unayokutana nayo mara nyingi zaidi haina ishara ya wazi namna hiyo. Mfupa wa paja umevunjika katikati. Mfupa wa mkono wa juu. Fuvu lina ufa mmoja mnyoofu. Mtulinga. Kila mmoja kati ya hii unaweza kutokana na ajali na unaweza kutokana na ukatili, na picha peke yake haiamui. Wapo wanaofundisha kwamba mvunjiko wa kuzunguka mfupa maana yake ni ukatili. Si kweli. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayejifunza kukimbia anaweza kujikwaa, mguu ukazunguka chini yake, muundi ukapata ufa mwembamba wa kuzunguka bila vipande kuachana. Anachechemea siku mbili tatu, mama anamleta akiwa na wasiwasi wa kweli. Huyo mfunge plasta, na mama umpe pole.

Mfupa wa paja wa mtoto ambaye bado hatembei ni jambo jingine. Mfupa wa mkono wa juu uliovunjika katikati kwa mtoto wa chini ya miezi 18 nao ni jambo jingine, tofauti na mvunjiko wa juu kidogo ya kiwiko, ambao watoto wanaotembea huupata kwa kuangukia mkono. Kwa fuvu, ufa mmoja mnyoofu upande wa juu wa kichwa unaweza kutokana na kuangushwa kutoka mikononi. Nyufa nyingi, zinazovuka maungio ya fuvu au zilizo pande mbili, zinadai maelezo mazito zaidi.

Hapo ndipo historia inapotakiwa. Iandike kwa maneno yaleyale ya anayeisimulia, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina lake, uhusiano wake na mtoto na saa aliyoisema. Uliza mtoto alikuwa wapi, juu ya nini, alianguka juu ya nini, nani alimwona, alilia papo hapo au la, baadaye alifanya nini. Uliza anajua kufanya nini: kugeuka, kukaa, kutambaa, kusimama kwa kushika. Kama inawezekana, msikilize baba peke yake, mama peke yake, na dada wa kazi peke yake. Maelezo yanayobadilika kila anapoingia mtu mpya, maelezo yanayomfanya mtoto wa miezi mitatu ajiviringishe hadi chini, au "nimeamka tu nikakuta mkono umelegea," hayo ndiyo ya kupimwa dhidi ya picha.

Kuchelewa kufika hospitalini nako huhesabiwa, lakini kupime kwa haki. Vitabu vilivyoandikwa London na Boston vinachukulia kwamba mzazi mwema hufika ndani ya saa chache. Kwetu, mama anaweza kuwa amesubiri nauli, ruhusa ya mume, au ameanzia kwa mzee wa kijiji anayeunga mifupa. Uliza kwa upole alipitia wapi. Ucheleweshaji wenye maelezo ya umaskini haufanani na wa mtu anayeficha, na mhudumu aliyezoea watu wake atautofautisha.

Kisha mvue mtoto nguo zote, umchunguze mwanga ukiwa wa kutosha. Damu kuvilia kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa wala kusimama ni onyo, hata alama moja ndogo. Sikio, shingo, kifua, mashavu, kona ya taya, kope, na kile kigozi kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi ni sehemu za kuangaliwa moja moja. Kwenye ngozi nyeusi alama hujificha. Papasa, tazama kwa pembe, linganisha pande. Na usichanganye na mabaka ya bluu ya kuzaliwa ambayo watoto wetu wengi wanayo kiunoni na makalioni. Baka la kuzaliwa haliumi na halibadiliki rangi baada ya wiki. Liandike kwenye kadi ya kliniki siku mtoto anapozaliwa, ili lisije kumtia mtu matatani baadaye.

Watoto wengine hawaletwi kwa ajili ya mfupa kabisa. Wanaletwa na degedege, wamelegea, wanatapika, na katika maeneo yenye malaria wanaanzishiwa dawa ya malaria kali hata kipimo kikiwa hasi. Mtoto mchanga aliyetikiswa kwa nguvu anaweza kuja hivyohivyo, ubongo ukiwa na damu. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, maji ya uti wa mgongo yakiwa hayana maambukizi, utosi umejaa na damu imepungua, piga picha za mifupa. Miongozo ya Uingereza inataka kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayeshukiwa apigwe pia picha ya kichwa ya CT. Kama kwako haipo, hiyo ni sababu ya rufaa siku hiyohiyo. Ultrasound kupitia utosini haitoshi kuondoa shaka.

Kupiga picha

Kosa kubwa ni kumlaza mtoto mzima juu ya kaseti moja na kumpiga picha moja kutoka kichwani hadi miguuni. Mionzi inatawanyika, ncha za mifupa zinaangukia pembezoni mwa boriti, na metafisi, uliyoitafuta, haionekani. Picha hiyo huwa mbaya kuliko kutopiga, maana inaandikwa "hakuna mvunjiko" na watu wanaiamini.

Uchunguzi kamili wa mifupa una picha kama ishirini hivi, kila sehemu peke yake. Fuvu kwa mbele na kwa ubavu. Kifua kwa mbele, na picha mbili za mbavu za mshazari, kulia na kushoto. Hizi mbili ndizo huachwa mara nyingi, na ndizo hufichua mbavu za nyuma. Tumbo pamoja na nyonga. Uti wa mgongo wote kwa ubavu. Kila mfupa wa mkono na wa mguu kwa mbele, pamoja na picha za karibu za kiwiko, kifundo cha mkono, goti na kifundo cha mguu kwa ubavu. Viganja na nyayo. Palipo na shaka, ongeza picha ya upande wa pili wa mfupa huohuo. Kwa mtoto mdogo hivi usitumie gridi, bana boriti iishie kwenye sehemu unayoitaka, na weka alama ya kulia au kushoto kabla ya kupiga, isiongezwe baadaye kwa kompyuta.

Kazi hii inahitaji watumishi wawili, wote majina yao yaandikwe, pamoja na tarehe na saa. Anayemshika mtoto avae aproni ya risasi. Akishika mzazi, asiwe peke yake chumbani na mtoto. Mweleze mzazi kwa lugha ya kawaida kwamba mtoto mdogo aliyeumia huangaliwa mifupa yote, kwani majeraha mengine hayaonekani kwa nje. Hayo ni kweli na hayamtuhumu mtu. Dozi ya mionzi ya uchunguzi huu ni ndogo, na hatari ya kumrudisha mtoto mahali anapovunjwa ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Kama huna mtu wa kukusomea, picha nyingi leo husafiri kwa simu. Zitume, lakini ficha jina na namba ya jalada, mpelekee bingwa mmoja unayemjua, si kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Na usipige picha ya skrini kwa simu ukategemea jibu kuhusu metafisi. Tuma faili halisi.

Rudia picha za mifupa baada ya siku 11 hadi 14, na zisipite siku 28. Rudio hili huacha fuvu, hulenga mbavu na viungo, na mara kwa mara huonyesha mivunjiko ambayo siku ya kwanza haikuonekana. Kwa maoni yangu ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote katika hospitali zetu, kwani mtoto ameshatoka na hakuna aliyepewa jukumu la kumrudisha. Mwache wodini ukiweza. Usipoweza, afisa ustawi wa jamii awe na tarehe hiyo mkononi kabla mtoto hajavuka geti. Watoto wengine wa nyumba hiyo walio chini ya miaka miwili, na hasa pacha wake, nao waletwe.

Magonjwa yanayofanana

Hapa nakuomba usome polepole. Kumtuhumu mzazi asiye na hatia ni jeraha lisilopona haraka, na Afrika Mashariki ina magonjwa ambayo vitabu vya nje vinayataja kwa mstari mmoja.

Selimundu ndiyo ya kwanza. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa nayo. Kuanzia miezi sita hivi, kinga ya damu ya utotoni ikishapungua, vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma. Picha ya wiki ya kwanza huwa haina kitu. Baadaye mfupa mpya huota juu ya mifupa ya vidole, na asiyejua husema mtoto amepigwa mikono. Pima selimundu kabla ya kuandika chochote kuhusu vidole. Kumbuka pia maambukizi ya mfupa, ambayo kwa watoto hawa ni ya kawaida.

Kaswende ya kuzaliwa nayo hushambulia metafisi za mifupa mingi kwa pamoja, pande zote mbili, katika miezi ya mwanzo ya maisha. Utaona mmomonyoko upande wa ndani wa ncha ya juu ya muundi, kulia na kushoto, na matabaka ya mfupa mpya juu ya mifupa mirefu. Mtoto haurushi mkono, kwa maumivu. Angalia kadi ya kliniki ya mama uone kama alipimwa kaswende, na hata kama alipimwa, pima tena mama na mtoto.

Matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D hayajaisha ati kwa kuwa tuna jua. Mtoto anayefungiwa ndani, anayefunikwa kila akitolewa nje, au aliyenyonya muda mrefu kwa mama mwenye upungufu, anaweza kuwa nayo. Metafisi huwa pana, zimefumuka kingo, zimebonyea kama kikombe, na sahani ya kukulia imepanuka. Hali hiyo huwa pande zote, zaidi vifundo vya mikono na magoti. Pima kalsiamu, fosfeti na alkalaini fosfatase. Lakini mtoto mwenye matege anaweza pia kupigwa, na ugonjwa mmoja haufuti jeraha jingine.

Mtoto njiti, hasa aliyekaa wiki nyingi wodini, huwa na mifupa dhaifu katika miezi yake ya mwanzo. Ugonjwa wa kurithi wa mifupa kuvunjika ovyo hujitokeza kwa weupe wa macho wenye rangi ya bluu, mifupa myembamba iliyopinda, vipande vidogo vingi kwenye maungio ya fuvu, na ndugu waliovunjika mara nyingi, ingawa si kila mwenye ugonjwa huu ana macho ya bluu. Kiseyeye ni nadra, kifikirie kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Mtulinga uliovunjika wakati wa kuzaliwa huwa na mfupa wa kuunga unaoonekana kabla ya wiki mbili kutimia. Mtoto wa wiki nne mwenye mtulinga uliovunjika usio na dalili ya kuunga hakuvunjika leba.

Na kuna jambo la kawaida kabisa: kati ya mwezi mmoja na miezi mitano hivi, watoto wengi wa afya huwa na utepe mwembamba wa mfupa mpya kando ya paja, muundi na mkono wa juu. Ukiwa chini ya milimita mbili, laini, pande zote mbili, na haufiki kwenye metafisi, ni ukuaji tu.

Umri wa jeraha na maneno ya ripoti

Polisi na mahakama watakuuliza lini. Jibu kwa vipindi. Mvunjiko wenye kingo kali bila mfupa mpya ni wa siku chache, mara nyingi chini ya siku kumi. Utepe wa kwanza wa mfupa mpya huonekana kwa kawaida kati ya siku 7 na 10, wakati mwingine mapema kidogo. Mfupa laini wa kuunga hufuata katika wiki ya pili na ya tatu, mgumu baada ya hapo, na kunyooka kwake huchukua miezi. Ufa wa fuvu hauna kalenda hii, wala jeraha la metafisi, wala rangi ya damu iliyovilia kwenye ngozi. Usikubali kubanwa utaje siku. Unachoweza kusema kwa uhakika, na chenye uzito kuliko tarehe, ni kwamba mivunjiko miwili iko katika hatua tofauti za kupona, na hivyo mtoto aliumizwa zaidi ya mara moja.

Andika ulichokiona, mahali, idadi, hatua ya kupona, kisha kama kinalingana au hakilingani na maelezo uliyopewa. Usiandike nani amefanya. Hilo hulioni kwenye picha. Picha ikisomwa na watu wawili tofauti, saini zote mbili ziwepo.

Matibabu yaanze kabla ya fomu. Tanzania utahitaji PF3, Kenya P3, lakini maumivu ya mtoto hayangoji karatasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake wajibu wa kuitaarifu mamlaka ya serikali za mitaa. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, na Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kwa vitendo, mpigie afisa ustawi wa jamii wa wilaya, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, au Kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu. Usisubiri uwe na hakika. Shaka yenye msingi inatosha kutoa taarifa, na uchunguzi ni kazi ya wengine. Usikubali suala limalizwe nyumbani na wazee huku mtoto akirudi mikononi mwa watu walewale.

Zikishindikana njia zote hizo, namba ya msaada kwa mtoto ni 116. Inapigwa bure Tanzania na Kenya.